Jovanović watatu, Kamenica nyingi: jibu kwa Mama Neema

Mama Neema, hongera kwa posa. Umeuliza mambo mawili. Kwanza, bwana harusi mtarajiwa, daktari wa binti yako na mwenye nyumba wake wote ni Jovanović: je, ni ukoo mmoja? Pili, kijiji cha wakwe kinaitwa Kamenica, na ukikitafuta kwenye ramani ya Serbia vinatokea vingi. Mimi nimeoa huku, na kazi yangu ni kupanga vifurushi kwenye ghala la kampuni ya usafirishaji, kwa hiyo mambo haya mawili nakutana nayo kila zamu.

Kuhusu jina, karibu hakika si ndugu. Jovanović ndilo jina la familia lenye watu wengi kuliko yote Serbia. Limetokana na Jovan, yaani Yohana, na hiyo "-ić" ya mwisho huonyesha uzao wa mtu. Akina Yohana walikuwepo kila kijiji, na kila mmoja aliweza kuacha Jovanović wake.

Zamani jina lilibadilika kila kizazi, kama kwetu: Juma Hamisi akimpata Ali, mtoto anaitwa Ali Juma, na Hamisi anabaki nyuma. Karađorđe, aliyeongoza uasi wa 1804 dhidi ya Waosmani, aliitwa Đorđe Petrović kwa sababu baba yake alikuwa Petar. Uzao wake ndio ukawa akina Karađorđević. Miloš, aliyeongoza uasi wa pili mwaka 1815, kwa baba alikuwa Teodorović. Alichukua jina Obrenović kutoka kwa kaka yake wa mama mmoja, Milan, aliyezaliwa na baba mwingine aitwaye Obren. Yaani hata koo mbili zilizotawala Serbia majina yao ni ya juzi tu. Mwaka 1851 serikali iliagiza majina yasibadilike tena, kila familia ishike jina la babu mmoja wa zamani. Hapo ndipo familia nyingi zisizojuana kabisa zilipobaki na Jovanović moja hadi leo.

Mnaofuatilia mpira wa kikapu mnamjua Bogdan Bogdanović, mzaliwa wa 1992. Kabla yake kulikuwa na Bogdan Bogdanović mwingine, msanifu majengo aliyebuni mnara wa ukumbusho wa Jasenovac, kambi ya mauaji ya Vita vya Pili vya Dunia, na kuwa meya wa Belgrade miaka ya 1980. Ongeza Bojan Bogdanović, mchezaji wa Croatia aliyezaliwa Mostar. Watu watatu, na hakuna aliye ndugu wa mwenzake.

Wenyewe wanajitenganisha kwa majina ya utani, na jina la utani huku halimdhalilishi mtu. Mshairi Jovan Jovanović aliitwa Zmaj, kutokana na jarida lake la mwaka 1864, na leo Mserbia akisema Zmaj tu anaeleweka. Mwanadiplomasia Jovan Jovanović, balozi wa Serbia mjini Vienna vita vilipozuka 1914, alikuwa Pižon. Mpiganaji Žikica Jovanović aliitwa Španac, yaani Mhispania, kwa kuwa alipigana Hispania. Kwenye kijiji cha mke wangu kuna matawi kadhaa ya jina moja, na kila tawi lina jina lake la mtaani ambalo halimo kwenye kitambulisho chochote. Kwenye kifurushi sisi tunategemea namba ya simu. Serikali inategemea namba ya tarakimu 13 ambayo kila raia anayo tangu enzi za Yugoslavia, na saba za mwanzo ni tarehe yake ya kuzaliwa. Kwenye hati nyingi utaona pia jina la baba limewekwa katikati.

Lakini hivyo vyote vinamtambulisha mtu mmoja mmoja. Ukitaka kujua undugu, uliza slava.

Slava ni siku ya mtakatifu mlinzi wa familia. Baba humrithisha mwana, vizazi na vizazi, na jina la ukoo likibadilika slava haibadiliki. Ndiyo maana wazee wanaiamini kuliko jina. Jovanović wawili wakikutana, mmoja atauliza, "Slava yenu ni ipi?" Mmoja akisema Mtakatifu Nikola, 19 Desemba, na mwingine Mtakatifu Georgi, 6 Mei, mazungumzo ya undugu yameisha na wanaendelea na kahawa. Zikilingana, maswali yanaongezeka: babu zenu walitoka wapi? Slava ya Nikola ina familia nyingi mno, kwa hiyo kulingana peke yake hakutoshi. Panahitajika jina, slava na asili ya babu, vyote vitatu. Mwanajiografia Jovan Cvijić na wanafunzi wake walizunguka vijijini tangu mwanzo wa karne ya 20 wakiandika hivyohivyo: familia fulani, slava fulani, wametoka sehemu fulani. Ninaziheshimu sana kazi zile. Zimehifadhi kumbukumbu za wakulima ambao hakuna mtu mwingine angewauliza.

Kwa hiyo mwambie binti amuulize kijana slava yao. Itamsaidia pia kwenye adabu, maana kwa desturi slava hualikwi, unakwenda. Abebe mvinyo au kahawa, na maua ya idadi witiri, kwa kuwa shufwa ni ya msibani. Mlangoni au mezani ataletewa ngano iliyochemshwa na sukari. Achote kijiko kimoja kwanza kabla ya chakula kingine. Ikiwa ni Nikola, itaangukia kwenye mfungo wa Krismasi, basi meza itakuwa ya samaki, bila nyama wala maziwa.

Sasa Kamenica. Jina linatokana na jiwe, na Serbia ina mawe kila upande. Ipo Kamenica karibu na Niš, nyingine Valjevo, nyingine Kragujevac. Ipo Sremska Kamenica ng'ambo ya mto Danube kutoka mji wa Novi Sad, na Kosovska Kamenica. Vijiji vilipewa majina ya kile kilichoonekana: jiwe, mti, kanisa. Bela Crkva, yaani kanisa jeupe, ni mji wa eneo la Banat upande wa mashariki, na pia ni kijiji cha Krupanj magharibi, pale Žikica niliyemtaja alipofyatua risasi za mwanzo wa uasi dhidi ya uvamizi wa Wajerumani, 7 Julai 1941.

Nyingine zimetokana na watu. Gornji Milanovac, Milanovac ya juu, ilipewa jina la yule Milan kaka yake Miloš. Donji Milanovac, ya chini, kando ya Danube, ni ya Milan mwingine, mwana wa Miloš, aliyetawala wiki chache tu mwaka 1839. Mtu akisikia juu na chini hudhani ni mtaa mmoja uliogawanyika, kumbe ni mikoa tofauti kabisa. Msimbo wa posta wa kwanza ni 32300, wa pili 19220. Vilevile Velika Krsna na Mala Krsna, kubwa na ndogo, hazimo hata wilaya moja. Mitrovica zinatofautishwa kwa eneo, Sremska na Kosovska, na zote mbili zimetokana na Mtakatifu Dimitri.

Mara nyingine kijiji ndicho kinachompa mtu jina. Ilija Garašanin, mwanasiasa mkubwa wa karne ya 19, ni Garašanin kwa kuwa ukoo wake ulitoka kijiji cha Garaši. Baba yake hapo awali alikuwa Savić.

Unapotuma kadi au mzigo, omba jina la wilaya, wanaita opština, pamoja na msimbo wa posta wenye tarakimu tano. Andika jina la kijiji, msimbo, opština, na namba ya simu ya mzee wa nyumba. Usiandike "Kamenica, Serbia" peke yake. Mizigo ya namna hiyo huwa tunaiweka pembeni hadi mtu apige simu kuiulizia.