Tromsø hadi Longyearbyen: ni mbali kiasi gani?

Ndugu, umeuliza ni kilomita ngapi na saa ngapi angani kutoka Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, hadi Longyearbyen, kule visiwa vya Svalbard. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 960, karibu kaskazini moja kwa moja. Ndege ya jeti hutumia saa moja na dakika 40 hivi, pamoja na kupaa na kutua. Saa za pande zote mbili ni zilezile za Norwei, kwa hiyo usihangaike na mishale ya saa.

Kinachokula muda ni pasipoti. Svalbard iko nje ya eneo la Schengen (nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani), ingawa ni ya Norwei. Hata ukitoka Oslo na ndege ikatua Tromsø, mnashuka na mizigo ya mkononi, mnapanga foleni ya ukaguzi, kisha mnapanda tena ileile. Wewe mwenye pasipoti ya Tanzania, Svalbard kwenyewe hawakuombi viza, ila njia inapita Norwei: omba viza ya Schengen ya kuingia mara mbili. Ya mara moja itakukwamisha wakati wa kurudi, na baridi ile si ya kukwamia.