Mwanga unashikaje kitu ndani ya seli?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari, hapa Tanga. Nimesoma kuwa kuna kifaa kinachoshika vitu ndani ya seli hai kwa mwanga na kupima kani zake. Wanafunzi wananiuliza: mwanga unashikaje, na leza haiunguzi seli? Langu mimi ni hili: mnajuaje kwamba namba mliyopata ni ya kweli?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, hilo la mwisho ndilo linalonilia muda mwingi maabara, kwa hiyo ya wanafunzi nitayapitia upesi.

Mwanga husukuma. Ukipita kwenye kijipira cha plastiki angavu hupinda, na kinachoupindisha nacho husukumwa upande wa pili. Sheria ya tatu ya Newton, unaifundisha kila mwaka. Leza ikikusanywa na lenzi ya hadubini mpaka ikawa nukta, jumla ya misukumo hiyo hukirudisha kijipira kwenye nukta. Arthur Ashkin na wenzake wa Bell Labs, Marekani, walilionyesha hilo mwaka 1986, naye akapata Nobel mwaka 2018 akiwa na miaka 96. Na kuunguza, ndiyo, inawezekana: leza yake ya kijani iliua bakteria. Alipohamia mwanga wa infraredi, walinaswa na bado wakaendelea kuzaliana.

Sasa namba. Ukitazama kwenye skrini, kijipira hakitulii hata kidogo, maana molekuli za maji zinakigonga kutoka kila upande. Ongeza leza, mtetemo unapungua. Hapo ndipo kipimo chetu kilipo: jotoridi la maji tunalijua, hivyo upana wa mtetemo unatuambia mshiko ni mgumu kiasi gani. Kisha ni springi ile ile ya darasani. Ugumu ukiwa pikonyutoni 0.05 kwa kila nanomita, na kijipira kimesogezwa nanomita 100, kani ni pikonyutoni 5. Pikonyutoni ni sehemu moja ya trilioni ya nyutoni. Mlango ukibamizwa wakati tunapima, grafu yote inaruka, ndiyo maana chumbani tunaongea kwa kunong'ona.

Kwa njia hii, mwaka 1993, Karel Svoboda, Steven Block na wenzao waliona kinesini, protini inayobeba mizigo ya seli, ikipiga hatua za nanomita 8. Ukiivuta nyuma kwa pikonyutoni 6 hivi, inakwama. Lakini hiyo ilikuwa juu ya kioo, nje ya seli.

Ndani ya seli hai hesabu ile ya mtetemo haitoshi, na mimi huwa siikubali namba ya mtu mpaka anieleze alivyolimaliza jambo hili. Ute wa seli si maji. Ni kama mlenda, ukiuvuta unarudi. Tena protini zenyewe zinasukumana humo, kwa hiyo mtetemo hautokani na joto peke yake. Na mara nyingi tunachokishika ni tone la mafuta la seli yenyewe, ambalo ukubwa wake hatukuuchagua sisi. Dawa yake ni kuitikisa seli nzima kwa kiasi tunachokijua, kwa kasi mbalimbali, tuone tone linafuata vipi, kisha tulinganishe na mtetemo wake wa kawaida. Ni kazi ya kuchosha, na inatakiwa irudiwe kwa kila tone.

Wanafunzi wakikuuliza faida, waambie malaria. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge walikishika kimelea kilichotoka kupasua seli nyekundu ya damu, wakakigusisha seli nyingine mpaka kikanata, halafu wakavuta. Seli ilirefuka kabla kimelea hakijaachia, na kwa kuwa ugumu wa seli nyekundu unajulikana, urefu ule uliwapa kani: pikonyutoni 40 hivi. Kimelea kikiwa nje kina dakika chache tu za kuingia seli nyingine, hivyo bila kitu cha kukishika na kukifikisha pale upesi, kipimo hicho kisingepatikana.