Fundi Tujibu: i7 ya jeneresheni ya 7 au i5 ya jeneresheni ya 8?

SWALI

Shikamoo kaka fundi. Mimi ni karani kwenye chama cha msingi huku Newala, msimu wa korosho ukianza ndo sina usingizi, majina ya wakulima, kilo, makato, risiti, vyote vinaingia kwenye Excel na apo apo nimefungua WhatsApp ya kwenye kompyuta na Chrome ya barua pepe. Laptopu yangu imechoka, inaganda mpaka wazee waliopanga foleni wananitolea macho. Sasa nimepata hela kidogo ya korosho za mama nikashuka Mtwara mjini, muuzaji kanionesha mbili zote za mtumba, zote EliteBook, moja 840 G4 ina i7-7500U, nyingine 840 G5 ina i5-8250U. RAM 8 kwa 8, SSD ya kuhifadhia mafaili 256 kwa 256. Ananiambia chukua i7 maana saba ni kubwa kuliko tano, alafu iyo ya i5 imezidi elfu 60, ata sielewi i5 inakuaje ghali kuliko i7. Nisaidie kaka, nimemwomba aniwekee zote mpaka Jumamosi.
Karani, Newala

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Ongeza iyo elfu 60 uchukue ya i5. Nimeanza na jibu kwasababu Jumamosi haiko mbali, sasa kaa nikueleze sababu maana ili swali naulizwa dukani karibu kila wiki na watu wanapoteza hela kwa ajili ya namba moja tu iliyoandikwa kwenye stika.

i3, i5, i7 ni vyeo vya prosesa za Intel, yani ubongo wa kompyuta, ndani ya ukoo mmoja, ukivuka ukoo vyeo vinaanza upya. Ukoo unausoma kwenye namba inayofuata baada ya kistari, 7500U ni jeneresheni ya 7, 8250U ni ya 8, na iyo U ya mwisho maana yake ni prosesa ya laptopu nyembamba isiyokula umeme mwingi. Kwaiyo muuzaji anakulinganishia cheo cha ukoo mmoja na cheo cha ukoo mwingine, na bei yake mwenyewe inamkatalia, angekua anaamini i7 ile ni bora asingeiuza rahisi.

Sasa kilichotokea kati ya 7 na 8. Miaka mingi prosesa za Intel za laptopu nyembamba, i5 na i7 zote za U, zilikua na kori mbili tu, yani wafanyakazi wawili ndani ya prosesa, kila mwaka wanaongezewa spidi kidogo basi. Iyo i7-7500U iliyotoka 2016 ni ya kundi ilo, kori 2. Agosti 2017 Intel wakatoa jeneresheni ya 8 na 8250U ikaja na kori 4, na siku ya kuitangaza walisema inaizidi ya 7 kwa hadi asilimia 40. Sisi tuliozishika tunajua iyo "hadi" inategemea na kazi, lakini hatua yenyewe ni ya kweli, haijawahi kua ya kwenye karatasi tu.

Wewe ni mtu wa korosho ntakueleza kwa korosho. Chukua chumba kimoja chenye wabanguaji wawili wenye mikono miepesi sana, alafu chumba kingine cha ukubwa ule ule wabanguaji wanne. Ukileta korosho moja moja wale wawili hawaachwi mbali, mwepesi ni mwepesi. Ukimwaga gunia zima chini, wanne wanalimaliza wakati wale wawili bado wamezama. Excel inapopiga hesabu za mafaili makubwa inajua kugawa kazi kwa kori zote zilizopo, na huku WhatsApp na Chrome nazo zinataka mtu wa kuzihudumia, ndo apo kori mbili zinazidiwa na kompyuta inaganda mbele ya wazee. Kama mafaili yenu yana makro, yani amri zilizoandikwa ndani ya faili zijiendeshe zenyewe, tofauti utaiona ndogo, makro za Excel zinakimbia kwenye kori moja, na kwenye kori moja moja hizi prosesa mbili zinakaribiana sana. Kuandika barua kwenye Word au kuangalia video, hutaona kitu. Grafiki pia ni zile zile, moja inaitwa HD 620 nyingine UHD 620.

Muuzaji akishindwa kwenye i7 atahamia kwenye mwendo, nawajua. Atakuonesha 7500U imeandikwa gigahezi 2.7 na 8250U imeandikwa 1.6 alafu atasema si unaona mwenyewe. Usitishike. Iyo ni spidi ya chini iliyoahidiwa kori zote zikibanwa kwa muda mrefu, ya juu ni 3.5 kwa ile i7 na 3.4 kwa ile i5, karibu sawa. Sababu ya 1.6 ni kwamba prosesa zote mbili zimepangiwa wati 15 zile zile, na wati 15 ukiwagawia wanne kila mmoja anapata kidogo kuliko ukiwagawia wawili. Ata ivo wanne wakienda polepole kidogo bado gunia linaisha mapema.

Na apa kwenye joto ndo nataka unisikilize vizuri kuliko kote, maana sisi tuko pwani na joto letu halicheki na mtu. Prosesa ikichemka inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua, na hii ya kori nne ndo inapoteza zaidi maana ndo yenye kasi nyingi ya kupoteza. Wiki iliyopita nimefungua laptopu moja ya jeneresheni ya 8 ya mteja kutoka Mikindani, analalamika kauziwa kimeo, inaanza vizuri dakika chache alafu inakua nzito. Nimetoa feni, kati ya feni na zile bati nyembamba za kutolea joto kulikua na vumbi limeshikana kama pamba ya mto, nikalivuta kwa kibano likatoka zima zima kama kipande cha blanketi. Pesti ya kupitisha joto la prosesa imekauka imekua unga mweupe, ukiigusa na kucha inabanduka. Nikasafisha, nikapaka pesti mpya, nikaipa kazi nzito nikakaa naikodolea macho mwendo wake, haikushuka tena kama mwanzo. Prosesa ilikua nzima kabisa siku zote zile, mtu alikua ameshaanza kuitafutia mnunuzi. Kwaiyo mwambie muuzaji aifungue aisafishe mbele yako kabla hujalipa, na ukifika Newala usiifanyie kazi juu ya godoro au kanga, iweke mezani ipumue.

Kabla ya kutoa hela usiamini stika, stika inabanduliwa na kubandikwa. Washa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, utaona mstari wa prosesa unaotaja jina kamili na idadi ya kori. Unataka usome 8250U na kori 4, pungufu ya apo ondoka. Ata jina la modeli peke yake lisikutoshe, kuna ThinkPad T480 na Dell Latitude 7490 ambazo watu wote wanajua ni za jeneresheni ya 8 lakini ziliuzwa pia na i5-7300U ya kori mbili ndani.

Kingine ni Windows 11. Microsoft kwenye prosesa za Intel wanaanza kuikubali jeneresheni ya 8, za 7 zilizoruhusiwa ni chache mno na 7500U haimo. Windows 10 muda wake ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Wewe unatunza majina na hela za watu, usikae kwenye mfumo usiozibwa matundu ya usalama. Ata kama kori zingekua sawa kwa ili tu ningekwambia uchukue ya 8.

SWALI

Habari za kazi fundi. Mimi mwalimu, Lindi mjini. Nina laptopu ya i5-7200U yenye hadi disiki (hard disk) ya kawaida, nzito kuwaka. Mwenzangu ananipa i3-8130U nimwongezee hela tubadilishane. Natungia mitihani na kuonesha wanafunzi kwenye projekta basi. Nikubali?
Mwalimu, Lindi

JIBU

Nzuri mwalimu. Usikubali kwa ajili ya spidi. i3-8130U ni jeneresheni ya 8 kweli lakini ina kori 2 kama yako, ile hesabu ya kori nne niliyompa karani haiihusu. Utakachopata ni Windows 11 kukubali tu. Uzito wa kuwaka unatoka kwenye iyo hadi disiki, toa weka SSD na hela ya kuongezea itakua imefanya kazi ya maana, utashangaa ni laptopu ile ile. Kuhusu Windows 10 kuisha, kwa Word na projekta unaweza kuwekewa Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows, ni ya bure na inapata masasisho, mitihani utaandikia LibreOffice inayofungua mafaili ya Word, ila majedwali mengine yanasogea kwaiyo ukague kabla ya kuchapisha. Kabla hujampelekea fundi ihamishie mitihani yote kwenye flashi mbili, moja ubaki nayo nyumbani.