Mtoto wa mbwa wa kwanza: mchague yupi?

Dada, umesema wanao wamempenda yule mnyonge anayejikunyata pembeni, na mwenye mbwa anataka mumchukue sasa hivi akiwa na wiki 5. Subirini. Kabla ya wiki 8 bado anajifunza kwa mama na ndugu zake, hasa kutong'ata kwa nguvu. Huruma naielewa, ila mimi ningemchukua anayekuja mwenyewe kunusa vidole. Usiku wa kwanza atalia tu. Wetu alinyamaza nilipoweka boksi lake kando ya kitanda na kuning'iniza mkono ndani. Chanjo zirudiwe mpaka afike wiki 16 hivi. Akitapika mfululizo au kuharisha damu, mkimbizeni kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, msingoje kupambazuke.