Kamera ya dashibodi kwenye Toyota 86: umeme utoke wapi

Ndugu, umeuliza kama waya wa kamera waweza kufungwa moja kwa moja kwenye betri ya Toyota 86 yako, nawe huliacha gari hapa Malindi wiki nzima ukienda Mombasa. Nakusihi usifanye hivyo. Kamera itanyonya betri usiku na mchana, ukirudi gari haliwaki.

Chukua umeme kwenye kisanduku cha fyuzi, kwenye fyuzi inayopata umeme ufunguo ukifunguliwa tu. Pima kwa testa kwanza. Fyuzi za breki na mifuko ya hewa (airbag) usiziguse kabisa! Kamera nyingi hutumia volti 5, gari lina 12, kwa hiyo kipunguza umeme ni lazima.

Waya mweusi, yaani ule wa hasi, ndio unaosumbua wengi huku pwani. Ufunge kwenye bolti ya bodi, ukwangue rangi na kutu hadi chuma king'ae, ukaze, kisha upake grisi juu. Hewa ya chumvi hula kiungo polepole na kamera huanza kujizima ovyo.

Kwenye nguzo iliyo kando ya kioo cha mbele, pitisha waya nyuma ya mfuko wa hewa, usiupitishe mbele.