Slaidi hazisomeki kwenye simu: jibu kwa mwalimu wa Faza, Lamu

Mwalimu, salaam. Nimekuelewa: unafundisha Baiolojia kwa Zoom likizo hii, na kila ukifungua slaidi wanafunzi wanapotea mmoja mmoja, waliobaki wanalalamika hawaoni kitu. Mimi nafundisha hivyo hivyo hapa Malindi, na ningeanza na slaidi zenyewe.

Wengi wanatazama kwa simu ya mama. Mchoro wa moyo wenye majina kumi na mawili hausomeki pale. Ugawe: kwanza vyumba vinne tu, halafu mishipa, kisha mishale ya kuonyesha damu inakoelekea. Herufi zisipungue saizi 28. PowerPoint ina sehemu ya kubana picha. Itumie kabla ya kuhifadhi, faili litakuwa jepesi. Ligeuze PDF, ulitume kwenye grupu la WhatsApp usiku uliotangulia. Hapo kipindini huna haja ya kuonyesha skrini: sema tu "twende ukurasa wa tatu", kamera zimezimwa. Sauti pekee hula bando kidogo.

Zoom ya bure hukata baada ya dakika 40, kwa hiyo fupisha salamu (najua, kwa watu wa Lamu hilo ni gumu).

Ukilazimika kuonyesha, shiriki dirisha la slaidi peke yake, la sivyo meseji zako zitasomwa na darasa zima. Na usirekodi sura wala sauti za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda. Ukiwa na shaka, muulize mkuu wa shule kabla hujabonyeza.