Jibu: Kwa nini madalali wanatokea juu ya kampuni yangu ya safari Arusha?

Mkuu, mtalii akitafuta jina la kampuni yako Google anakutana kwanza na madalali kwa sababu sera ya Google inawaruhusu kununua tangazo kwa jina lako. Hata ukisajili alama ya biashara na kulalamika, unaweza kuzuia jina lisiandikwe ndani ya tangazo, lakini huwezi kuwazuia wasilitumie kama neno la utafutaji linaloleta tangazo lao. Mgeni wa dola 2,000 akipitia kwa dalali wa kamisheni ya asilimia 15 anakutoa dola 300, na alikuwa anakutafuta wewe!

Na huna pengi pa kukimbilia, maana Google ina ushindani mdogo mno kwenye utafutaji. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google imehodhi utafutaji kinyume cha sheria. Mwaka 2022 iliilipa Apple takriban dola bilioni 20 ili iwe chaguo la kwanza kwenye kivinjari cha Safari (si safari zetu hizi).

Thibitisha wasifu wa biashara wa Google (Google Business Profile, ukurasa wa kampuni yako kwenye utafutaji na ramani), ni bure. Simu na anwani zifanane na za tovuti. Kisha nunua tangazo la jina lako kamili tu, ukiweka kikomo cha matumizi kwa siku. Inauma kulipia jina lako mwenyewe, lakini bei ya kila mbofyo wa tangazo hilo kwa kawaida ni nafuu kuliko ya neno kama "Kilimanjaro".